Wanafunzi wa osteopathia Marekani: COMLEX peke yake inatosha kuombea residensi, au tulipe na USMLE?

#1 Mjukuu wa Pangani

Habari zenu wanajukwaa. Niko mwaka wa pili katika chuo cha udaktari wa osteopathia hapa Marekani, na mwezi Juni nitafanya Level 1 ya COMLEX, mitihani ya leseni ya madaktari wa osteopathia. Huo mtihani hauna mjadala, kwa sababu bila kufaulu Level 1 na Level 2 hakuna chuo cha osteopathia kitakachompa mtu shahada ya DO, yaani ya udaktari wa osteopathia. Ninachokileta kwenu ni huu mtihani wa pili, Step 1 ya USMLE, mitihani ya leseni wanayofanya wa vyuo vya kawaida vya udaktari, ambao zaidi ya nusu ya wenzangu darasani wamekwisha kuulipia.

Msimamo wangu ni huu, na anayeupinga naomba aupinge kwa hoja. Tangu mwaka 2022 mitihani yote miwili ya hatua ya kwanza haitoi tena alama, inatoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Step 1 ilibadilika Januari 26, na Level 1 ikafuata mwezi Mei. Kama mkurugenzi wa programu ya residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya shahada, haoni tena kwamba nimepata 240 au 210, basi Step 1 inamwambia nini ambacho Level 1 haijamwambia? Ninaona ni zaidi ya dola 600 za kuthibitisha jambo nililokwisha kulithibitisha, achilia mbali majuma ya kusoma. Ninataka tiba ya familia au tiba ya magonjwa ya ndani, ingawa sijaufunga mlango wa udaktari wa usingizi, ule wa kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji.

#2 Daktari wa Toledo

Kijana wangu, hesabu yako umeipiga upande wa mtihani, hukuipiga upande wa anayesoma maombi. Mimi niliomba residensi wakati milango ilikuwa miwili. Kulikuwa na mgawo wa nafasi wa chama cha madaktari wa osteopathia, AOA, na kulikuwa na mgawo mkubwa wa NRMP ambao wote mnauita Match. Aliyekuwa na COMLEX tu alikuwa na nyumba yake ya kurudi. Mgawo wa AOA ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2019, na ilipofika Juni 30, 2020 kipindi cha kuhamia kwenye ithibati moja ya ACGME, baraza linalothibitisha programu za residensi, kilikuwa kimekwisha. Baadhi ya programu ndogo za osteopathia, zile za hospitali za miji midogo ambako wenzangu walifunzwa kazi, hazikuvuka. Leo unaomba nafasi ileile na kijana wa MD, wa vyuo vya kawaida vya udaktari, mbele ya mtu yuleyule, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe alifanya USMLE na ndicho kipimo anachokijua. Fanya yote miwili.

#3 Binti wa Kibokoni

Shikamoo Daktari. Ninakuheshimu, lakini mimi ni residenti wa mwaka wa pili wa tiba ya familia na sijawahi kukaa kwenye mtihani wa USMLE hata siku moja.

Nilichofanya ni hiki. Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika kwenye daftari programu 22 ambazo ningefurahi kuzifanyia kazi, nikafungua ukurasa wa kila moja, na pale maelezo yalipokuwa hayaeleweki nilimwandikia barua pepe mratibu. Programu 19 zilinijibu kwamba COMLEX inatosha, mbili zilisema wanapendelea kuona USMLE, na moja ikasema bila USMLE maombi hayasomwi. Hiyo moja niliifuta. Kwenye usaili niliulizwa kuhusu kliniki niliyofanyia kazi na kuhusu Kiswahili changu, kwa kuwa mji ule una wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na hakuna aliyenitajia Step. Mjukuu, kama ni tiba ya familia, tunza fedha yako.

#4 Muhimbili ya Zamani

Salamu wote. Mimi nilisoma udaktari Dar es Salaam, nikafanya Step 1 na Step 2 CK, yaani hatua ya pili ya USMLE, nikapata cheti cha ECFMG wanachotakiwa kuwa nacho tuliosoma nje ya Marekani, na sasa niko kwenye magonjwa ya ndani huku. Kwa kweli ninashangaa mjadala huu unatoka wapi. USMLE ndiyo inayojulikana kila mahali. Kwa nini ninyi wa osteopathia msifanye USMLE na kuachana na COMLEX kabisa, badala ya kulipia mitihani miwili ya jambo moja?

#5 Mwanafunzi Columbus

Daktari wa Muhimbili, hilo haliwezekani, na Mjukuu amekwisha kuligusa kwenye #1. Shahada yetu imefungwa kwenye COMLEX. Wewe nawe ulikuwa huna la kuchagua, ila kwa upande wa pili: COMLEX ni ya wanafunzi na wahitimu wa vyuo vya osteopathia vya Marekani tu, kwa hiyo aliyesoma Muhimbili, Nairobi au Makerere njia yake ni USMLE na hana nyingine. Sisi ndio pekee tuliowekewa mitihani ya aina mbili, mmoja wa lazima na mwingine wa hiari, na hiari yenyewe imezungukwa na minong'ono kiasi kwamba mtu haijui tena kama ni hiari.

#6 Muhimbili ya Zamani

Nimeelewa, ahsante kwa masahihisho. Hata hivyo kwenye programu yangu ninaona residenti wa DO na wa MD wakifanya kazi ileile, na ninapoulizia, karibu DO wote hapa walifanya Step.

#7 Fundi Mifupa

Hapo ndipo pa kuangalia, kwamba neno "residensi" si kitu kimoja. Mimi ninaelekea upasuaji wa mifupa, na kwa upande huu ushauri wa Binti wa Kibokoni ungeniangusha. Programu moja hupokea mamia ya maombi kwa nafasi chache sana. Katibu hafungui faili moja moja. Anaweka kichujio kwenye ERAS, mfumo wa kompyuta wa kupokea maombi ya residensi, kwa mfano Step 2 CK kuanzia alama fulani, na kompyuta inaleta majina yaliyopita. Asiye na alama yoyote ya USMLE hahukumiwi kwamba ni dhaifu, ila jina lake halitokei. Hakuna chuki hapo, ni kichujio. Ndiyo maana ninasema upasuaji wa mifupa, upasuaji wa ubongo, magonjwa ya ngozi, na pua, koo na masikio, mtu wa DO asijaribu bila USMLE.

#8 Binti wa Kibokoni

Fundi, mimi nilisema "kama ni tiba ya familia". Ninaomba usome sentensi yote kabla ya kuipasua, maana tunajua ninyi wa mifupa huanza na msumeno.

#9 Fundi Mifupa

Nimekubali dada, samahani. Sentensi imeungwa.

#10 Bahari ya Hindi

Maelezo ya kichujio ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa kuwa kichujio huwekwa na mtu. Mfumo huohuo unapokea alama za COMLEX, na mkurugenzi akitaka anaweza kuchuja kwa hizo. Swali ni kwa nini hataki.

Mimi ninaona chanzo ni namba zenyewe. Alama ya USMLE inaeleweka kichwani mwa kila daktari wa Marekani: 250 kwenye Step 2 ni nzuri, na tangu Julai 2025 kiwango cha kufaulu ni 218. Sasa mpe mtu huyohuyo karatasi iliyoandikwa Level 2, alama 560. Kufaulu ni 400. Je, 560 ni mtu wa kawaida au mtu hodari? Hajui, na hana muda wa kujua. NBOME, bodi inayotunga COMLEX, imeweka kwenye tovuti yake zana ya kugeuza alama kuwa nafasi ya mtahiniwa kati ya watahiniwa mia, lakini mtu mwenye maombi 900 mezani haendi kufungua zana. Huo ndio ugonjwa, ugeni wa namba.

#11 Mwanafunzi Columbus

Bahari, hata akiifungua zana hiyo hatapata anachokitafuta. Nafasi kati ya mia kwenye COMLEX inakulinganisha na wanafunzi wa DO peke yao, kwa sababu wa MD hawaufanyi mtihani huo. Mkurugenzi anataka kujua umesimama wapi kwenye safu moja na wale wa MD. Si ugeni wa namba tu. Ni vipimo viwili vilivyopima watu wawili tofauti, kama kupima mchele wa Mbeya kwa pishi na wa Kahama kwa mizani halafu kuuliza upi umezidi.

#12 Shangazi wa Leicester

Samahanini kwa kuingilia. Mpwa wangu anasoma chuo kama hicho huko Marekani, na huku Uingereza nikisema anasomea osteopathia watu wanadhani atakuwa mkandaji wa mgongo. Je, ni daktari kamili?

#13 Daktari wa Toledo

Ni daktari kamili, dada yangu. Kwenu Uingereza osteopathia ni taaluma yake yenyewe, ina sheria ya mwaka 1993 na baraza lake, na osteopathi wa huko si tabibu wa kuandika dawa na kupasua. Hapa Marekani DO ana leseni kamili katika majimbo yote 50, anaandika dawa, anapasua, anaongoza wodi. Mwasisi wake, Andrew Taylor Still, alifungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na leo zaidi ya robo ya wanafunzi wote wa udaktari Marekani wako vyuo vya DO. Mpwa wako atakutibu, usiwe na wasiwasi.

#14 Shangazi wa Leicester

Ahsante sana. Mungu awabariki na mitihani yenu.

#15 Niliyefeli Step

Nimesita kuandika, lakini Mjukuu yuko pale nilipokuwa mimi. Nilifaulu Level 1 na nikafeli Step 1, ndani ya mwezi mmoja.

Chuoni kwangu tuliambiwa kwenye ukumbi, sote kwa pamoja, kwamba "mwanafunzi makini hufanya yote miwili". Hakuna aliyetuuliza mmoja mmoja anataka kwenda wapi. Mimi nilitaka magonjwa ya watoto tangu siku ya kwanza. Nilifanya Level 1 kwanza, nikapumzika siku mbili, nikarudi kwenye benki ya maswali ya UWorld nikiwa na siku tisa. Siku ya Step nilijiona ninaelea. Maswali ya COMLEX yalikuwa 352, mafupi, na mengine yanakuacha ukijiuliza mtungaji alitaka nini. Ya Step hayazidi 280, lakini kila moja ni hadithi ndefu ya mgonjwa yenye vipimo vya maabara, na jibu limefichwa hatua mbili nyuma ya ugonjwa wenyewe. Kwenye kipindi cha tano nilikuwa ninasoma mistari ya mwisho kwanza ili nisichelewe, na bado nilichelewa.

Jaribio la USMLE halifutiki. Ukituma taarifa yako ya USMLE kwenye programu, majaribio yote yanakwenda pamoja, la kufeli na la kufaulu. Nilirudia nikafaulu, na nilipata residensi ya watoto, lakini kwenye usaili mara tatu niliulizwa kuhusu mtihani ambao hakuna aliyekuwa ameulazimisha. Kila nilipoulizwa nilihisi joto likipanda shingoni. Kwa hiyo anayesema "fanya tu, hasara yake ni fedha" hajasema yote.

#16 Mjukuu wa Pangani

Pole sana, na ahsante kwa kuandika. Hili sikuwa nimelipiga hesabu.

#17 Fundi Mifupa

Pole dada. Ningependa kuongeza kwamba mpangilio nao una uzito. Sisi tulioshauriwa vizuri tulifanya Step kwanza, wakati biokemia na famakolojia bado ni mbichi kichwani, kisha tukatumia siku saba hadi kumi kwa tiba ya mikono ya osteopathia peke yake, ndipo tukaingia Level 1. Ukianza na Level 1, siku zako za mwisho umezitumia kukariri mambo ambayo Step haiyaulizi kabisa.

#18 Residenti wa Usingizi

Kwa wasiojua, "mambo ambayo Step haiyaulizi" ni kama hili. Swali la mazoezi: kijana wa miaka 19, tumbo linauma tangu jana, hana hamu ya kula. Daktari anapitisha kidole kwenye mbavu na kukuta kinundu kidogo, kigumu, chenye uchungu, kwenye ncha ya ubavu wa kumi na mbili upande wa kulia. Mwanafunzi wa DO hahitaji kuendelea kusoma, kwa sababu hiyo ni nukta ya Chapman ya kidole tumbo, moja ya vinundu ambavyo osteopathia inavihusisha na viungo vya ndani. Mwanafunzi wa MD hajawahi kuisikia. Tunazikariri kwa makumi, pamoja na kila kiungo cha ndani kinavyojitokeza kwenye pingili za mgongo, na ukiziacha Level 1 inakuadhibu.

Sasa nije kwa Mjukuu, maana ametaja mlango wangu. Mimi niliiacha Step 1 nikafanya Step 2 CK tu. Kama Step 1 haina alama, basi hoja yake kwamba haisemi jipya ni sahihi. Ila Step 2 CK bado inatoa alama ya tarakimu tatu, na hiyo ndiyo namba ambayo kichujio cha Fundi kinaitafuta. USMLE haimlazimishi mtu kupita Step 1 ndipo afanye Step 2. Nilipata nafasi.

#19 Mwanafunzi Columbus

Njia hiyo ina shimo. Huwezi kufanya Step 3, hatua ya mwisho ya USMLE, bila kufaulu Step 1 na Step 2 CK.

#20 Residenti wa Usingizi

Ni kweli kabisa, lakini siihitaji Step 3. Leseni yangu inakuja kwa COMLEX Level 3, inayokubaliwa kwa DO katika kila jimbo. USMLE kwangu ilikuwa ufunguo wa kuingilia usaili, si njia ya leseni. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo ndio unaowalipisha ada wasizozihitaji. Ninachokubali ni kwamba zipo programu zinazosema waziwazi zinataka kuona Step 1 na Step 2 zote, nami nilizikosa hizo.

#21 Daktari wa Toledo

Na ukiifeli Step 2 mwaka wa nne ukiwa na miezi miwili kabla ya maombi ya Septemba? Aliyefanya Step 1 amekwisha kuujua uwanja. Wewe ulibahatika.

#22 Residenti wa Usingizi

Nilifanya mitihani minne ya mazoezi kabla ya kulipa, Daktari. Kama namba zisingefika nisingelipa.

#23 Mzee wa Historia

Ninyi vijana mnaeleza kwa vichujio na namba, lakini mti huu una mizizi. Mwaka 1962 huko California chama cha madaktari wa MD kiliungana na kile cha osteopathia. Jimbo lilikuwa na madaktari wa DO takriban 2,000, na wengi wao walilipa dola 65 wakapewa shahada ya MD, chuo chao kikageuzwa kuwa cha MD, na utoaji wa leseni mpya za DO ukasimamishwa. Mpaka mahakama kuu ya jimbo ilipoamua vingine mwaka 1974, taaluma hiyo California ilikuwa inakufa polepole kwa kuzeeka. Taaluma iliyokwisha kumezwa namna hiyo haiwezi kuachia mtihani wake kirahisi. NBOME ipo tangu mwaka 1934, ilhali USMLE yenyewe ilianza mwaka 1992. Wanaouliza kwa nini kusiwe na mtihani mmoja wanauliza kwa nini ukuta usibomolewe, bila kuuliza ulijengwa kwa sababu gani.

Na upande wa pili, dharau ya zamani ipo. Jeshi la Marekani lilikuwa halimpi DO cheo cha daktari hadi miaka ya 1960. Watu waliofundishwa na walimu wa enzi hizo ndio baadhi ya wakurugenzi wa leo. Msiseme hakuna chuki hapo, ni kichujio.

#24 Bahari ya Hindi

Mzee, historia ninaikubali, ila haimlipii mwanafunzi ada. Ukuta ukijengwa kwa sababu nzuri bado ni ukuta, na anayezunguka ni huyu kijana wa mwaka wa pili mwenye mkopo.

#25 Binti wa Kibokoni

Mimi nina maelezo mengine, na ninajua hayatapendeza. Tunaoulisha mfumo huu ni sisi. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa DO wanafanya USMLE "kwa usalama", hivyo mkurugenzi anapata namba anayoizoea bila kuomba. Kwa nini ahangaike kujifunza COMLEX? AOA na AMA, chama cha madaktari wa Marekani, wamekwisha kusema kwamba mitihani hii ichukuliwe sawa, lakini maombi yanayofika mezani yanasema kinyume. Kama darasa moja zima lingeacha, programu zingejifunza kusoma alama za COMLEX ndani ya msimu mmoja.

#26 Fundi Mifupa

Na darasa hilo lingekosa nafasi za mifupa ndani ya msimu huohuo. Nani atakubali kuwa wa kwanza?

#27 Niliyefeli Step

Hapo Fundi amesema kweli, lakini haibadilishi kwamba Binti amesema kweli pia. Tazameni mgawo wa 2024: wanafunzi wa DO wa mwaka wa mwisho waliopata nafasi walikuwa asilimia 92.3, wa MD asilimia 93.5. Tunatishwa kana kwamba nusu yetu tutabaki barabarani.

#28 Daktari wa Toledo

Asilimia hiyo haisemi ni nafasi ya nini wala wapi. Aliyetaka ngozi akaishia kwingine amehesabiwa humohumo kwamba amepata.

#29 Mjukuu wa Pangani

Ahsanteni wote. Nimejaza fomu ya Step 1 lakini sijalipa, kwa sababu ukilipa unachagua kipindi cha miezi mitatu cha kufanyia mtihani, nami sijui kama ninautaka. Badala yake nimefuata njia ya daftari ya Binti wa Kibokoni. Nimeandika kwa programu 30: za familia 14, za magonjwa ya ndani 10, na za usingizi sita, nikiuliza maswali mawili tu, kama COMLEX peke yake inakubaliwa, na kama Step 2 bila Step 1 inakubaliwa.

Barua 11 zimejibiwa. Saba, zote za familia, wamesema COMLEX inatosha. Nne, mbili za ndani na mbili za usingizi, zimejibu kwa maneno yaleyale: "COMLEX inakubaliwa."

#30 Fundi Mifupa

"Inakubaliwa" si "inapimwa sawa", mdogo wangu. Lipa.

#31 Binti wa Kibokoni

Usilipe mpaka majibu 19 yaliyobaki yarudi.

#32 Mjukuu wa Pangani

Hizo nne nimeziandikia tena jana usiku. Nimewauliza katika residenti wao wa DO wa sasa, wangapi waliingia bila USMLE.